Kranki ya Patrol Ndani ya Datsun 240Z, na Maswali Mengine ya Wasomaji

Safari hii nimekusanya pamoja barua zinazohusu gari moja, kwa sababu zote zinaulizia jambo lilelile: ni kipuri kipi kinakubaliana na kipi ndani ya injini ya Datsun 240Z, iitwayo L24. Wakubwa wetu wanalikumbuka gari hili kwa ushindi wake katika Safari Rally ya Afrika Mashariki, mwaka 1971 likiwa mikononi mwa Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller, na mwaka 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Machache yaliyobaki yamekwisha kutimiza miaka 50, na vipuri vyake ni adimu madukani, kwa hiyo mafundi hulazimika kuazima kutoka kwa injini ndugu za Nissan zenye silinda sita, yaani L26 na L28. Ndugu hao wanafanana mno kwa sura, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Kwa mgeni wa karakana: kranki ni mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, konrodi ni mkono unaounganisha pistoni na kranki, shingo ni sehemu za mviringo za kranki zinazozunguka ndani ya beringi, kepu ni kifuniko kinachoishika shingo mahali pake, na hedi ni kifuniko cha juu cha injini chenye valvu.

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba yangu mdogo aliniachia Datsun 240Z ya mwaka 1972 ambayo ilikuwa imesimama kwa muda mrefu. Tulipoiwasha, injini iligonga kwa chini, na tulipoishusha tukakuta kranki imelika kwenye shingo ya konrodi ya tano. Fundi wangu amepata kranki nzima kutoka kwenye injini ya L28 ya Nissan Patrol. Ameilaza kwenye bloki yangu, akafunga kepu, nayo inazunguka bila kugusa popote. Anashauri tutumie konrodi zangu na pistoni zangu, kisha tufunge injini. Nina wasiwasi, lakini siwezi kueleza ni wa nini.
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba ndugu yangu, na poleni kwa kuondokewa na baba mdogo. Wasiwasi wako una msingi. Usiifunge injini hiyo kwa mpangilio huo, kwani pistoni zitagonga hedi kabla kranki haijamaliza mzunguko wake wa kwanza.

Nimtendee haki fundi wako kwanza, kwa sababu alichokiona ni kweli. L24 na L28 zote zina beringi kuu saba, shingo kuu za kranki zina kipenyo cha takriban milimita 55, na shingo za konrodi zina takriban milimita 50. Kranki ya Patrol italala kwenye bloki yako bila shida, na konrodi zako zitaishika. Lakini jaribio lake limeishia katikati, kwa kuwa ameizungusha kranki peke yake, bila pistoni hata moja kupanda hadi juu.

Kranki ya L24 huipandisha pistoni milimita 73.7, na ile ya L28 huipandisha milimita 79. Pistoni inapofika juu kabisa, umbali wa pini yake kutoka katikati ya kranki ni nusu ya mwendo huo ukijumlisha na urefu wa konrodi. Chukua kalamu. Kwa L24, nusu ya 73.7 ni 36.85, na konrodi yake ina urefu wa milimita 133, kwa hiyo jumla ni 169.85. Kwa L28, nusu ya 79 ni 39.5, na konrodi yake ni fupi zaidi, milimita 130.35, kwa hiyo jumla ni 169.85. Hesabu mbili tofauti zimetoa jibu moja, hadi desimali ya pili. Wahandisi wa Nissan waliporefusha mwendo wa pistoni waliifupisha konrodi kwa kiasi kilekile, ili pini ibaki mahali pake ndani ya bloki yenye kimo kilekile. Mimi huifurahia hesabu hii kila ninapoirudia, kwa sababu inaonyesha kwamba kranki, konrodi na pistoni zilibuniwa kwa pamoja, na kwamba ukibadilisha kimoja unawajibika kuuliza habari za viwili vilivyobaki.

Sasa lifanyie hesabu pendekezo la fundi wako. Ukijumlisha 39.5 ya kranki ya Patrol na 133 ya konrodi zako unapata 172.5, yaani pini imepanda milimita 2.65 kupita inavyotakiwa. Gasketi ya hedi ikishabanwa huwa na unene wa takriban milimita 1.2 tu, kwa hiyo nafasi ya pistoni kupita haipo kabisa.

Ikiwa umeshailipia kranki hiyo na unataka kuitumia, njia zipo mbili. Ya kwanza ni kuchukua na konrodi za L28 zilizotoka nayo, kisha uendelee na pistoni zako. Jumla itarudi kuwa 169.85, na kwa kuwa silinda zako zinabaki na kipenyo cha milimita 83, injini itakuwa na sentimita za ujazo 2,565, ambacho ndicho kipimo cha L26 iliyofungwa kwenye Datsun 260Z. Njia hii huongeza mgandamizo, kwa sababu hewa nyingi zaidi inasukumwa ndani ya chumba kilekile cha moto, kwa hiyo usiiunganishe na hedi iliyokwisha kuchongwa sana. Njia ya pili ni kubaki na konrodi zako za milimita 133 na kutafuta pistoni za kuagizwa maalumu, ambazo tundu la pini limesogezwa juu zaidi, karibu na kichwa cha pistoni. Katika njia ya kwanza itabidi pini zitolewe kwenye konrodi za zamani na kuingizwa kwenye mpya, na katika injini hizi pini hukaa kwa kubanwa ndani ya konrodi. Hiyo ni kazi ya karakana yenye presi. Nyundo huipinda konrodi, na kupinda huko hutaweza kukuona kwa macho.

Hata hivyo, ningekuwa wewe ningeanza na kranki yako mwenyewe. Kulika kwa shingo moja si hukumu ya kifo. Ipeleke kwa mchongaji anayeaminika, apime kila shingo kwa maikromita sehemu mbili za urefu wake, na kila sehemu aipime kwa kukingamisha, ili ajue kama shingo imekuwa yai au imechongoka upande mmoja. Kama hakuna ufa, shingo zitachongwa kwa robo milimita au nusu milimita, nawe utanunua beringi za kipimo hicho. Agiza beringi baada ya kranki kuchongwa na kupimwa, wala usitangulize. Mchongaji akimaliza, sugua matundu ya oili ya kranki kwa brashi nyembamba na mafuta ya taa mpaka yatoe mafuta masafi, kwa kuwa unga wa chuma unaobaki humo huzimaliza beringi mpya ndani ya siku chache.

Wakati wa kufunga, kagua mambo mawili ambayo mafundi wengi huyapita haraka. Kepu za beringi kuu zilichongwa zikiwa zimefungwa kwenye bloki hiyo hiyo, kila moja mahali pake, kwa hiyo kepu kutoka bloki nyingine, au kepu ya tatu ikikaa nafasi ya tano, huipotosha njia ya kranki hata kama boliti zinaingia vizuri. Kepu za konrodi ni vivyo hivyo: kila konrodi ina namba iliyogongwa ubavuni, na kepu yake ina namba hiyohiyo, nazo lazima zitazamane upande mmoja. Ukilazimika kuchanganya konrodi za seti mbili, zipime uzito zote sita, kisha tazama unene wa boliti zake. Konrodi za mwanzo zina boliti za milimita 8 na za baadaye zina boliti za milimita 9, na nguvu ya kukazia haifanani. Ukiikaza boliti ya 8 kwa nguvu ya 9 utaivuta mpaka ichoke, nayo itakuja kukatika gari likiwa barabarani.

Uhakika wa nafasi ya beringi unaupata kwa uzi wa plastigeji. Futa oili yote kwenye shingo, laza kipande cha uzi huo kwa urefu wa shingo, funga kepu kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha kiwanda bila kuizungusha kranki, kisha fungua. Uzi utakuwa umebanwa na kuwa utepe, na upana wa utepe huo ukiulinganisha na mistari iliyochapwa kwenye karatasi yake unakwambia nafasi iliyopo. Ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, shingo haiko sawa, na karakana inapaswa kuirudia kazi yake.

Kabla ya kufunga hedi moja kwa moja, weka vipande vya udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni ya kwanza, funga hedi kwa gasketi ya zamani, unganisha cheni, zungusha injini mara mbili kwa spana polepole, kisha fungua na ukate udongo huo kwa wembe. Unene wa udongo uliobaki ndio nafasi halisi kati ya pistoni, hedi na valvu. Spana ikikataa njiani, usiilazimishe.

Nakuongezea tahadhari moja, kwa sababu ukishaingia kwenye mazungumzo ya kranki utaelekezwa huko. Injini ya dizeli ya LD28, iliyofungwa kwenye magari ya Nissan Laurel, ina kranki yenye mwendo wa milimita 83, na wajenzi wa injini za mashindano huitafuta sana. Nusu yake ni 41.5, kwa hiyo rudia hesabu yetu nawe utaona kwamba kwa konrodi zako pini itapanda hadi 174.5. Kranki hiyo inadai pistoni za kuagizwa maalumu. Kwa gari la kurithi linalotakiwa kutembea kwa amani, haifai gharama yake.

SWALI: Hedi ya 240Z yangu ina alama ya E88, nayo imepinda baada ya injini kuchemsha. Nimepata hedi ya N42 iliyotoka kwenye 280Z. Muuzaji anasema naweza kuhamishia humo kamshafti yangu na roka zangu. Wengine wananiambia niichonge ile ya zamani, ila itaharibu taimingi. Nifuate lipi?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Dada yangu, rekebisha E88 yako ikiwa bado ina unene wa kutosha. Hedi hizi zilitoka kiwandani zikiwa na unene wa milimita 108. Pima yako kwenye pembe zote nne kabla ya kuruhusu mtu yeyote aipandishe kwenye mashine, kwa sababu hujui imeshachongwa mara ngapi na wamiliki waliokutangulia.

Hedi ya N42 iliundwa kwa silinda zenye kipenyo cha milimita 86, nayo ina valvu za kuingizia hewa zenye upana wa milimita 44, ilhali silinda zako ni za milimita 83 na valvu za hedi yako ni za milimita 42. Boliti zitaingia na njia za maji zitakutana, lakini valvu hiyo pana inapofunguka inapita karibu mno na ukingo wa silinda yako, na ukiweka kamshafti yenye kuinua zaidi inaweza kuugusa. Wanaoitumia hedi hiyo juu ya bloki ya L24 hupima kwanza, na mara nyingine hukwangua ukingo wa silinda kidogo ili valvu ipite. Ni kazi ya haki kabisa kwa gari la mashindano, lakini kwako ni gharama ya kutatua tatizo ambalo hukuwa nalo.

Kuhusu kuhamisha kamshafti, yaani mhimili wa juu unaofungua valvu, muuzaji amelirahisisha jambo kupita kiasi. Kamshafti ya injini hizi haikai ndani ya hedi yenyewe. Imebebwa na vishikizo vitano vilivyofungwa juu yake, na vishikizo hivyo vilichongwa matundu vikiwa pamoja kwenye hedi yake. Usivichanganye. Baada ya kuvifunga, kamshafti iliyopakwa oili izunguke kwa vidole bila kukwama, na ikikwama usiamini kwamba itajilainisha yenyewe injini ikiwaka. Tena ziko kamshafti zinazopata oili kupitia matundu yaliyotobolewa ndani yake, na ziko zinazonyunyiziwa na bomba jembamba lililo juu. Ukiweka kamshafti isiyo na matundu kwenye hedi isiyo na bomba, mabega yake, yaani vinundu vinavyosukuma roka, yatakauka na kuliwa upesi. Roka, vile vidole vinavyobonyeza valvu, nazo zimesuguana kila moja na bega lake kwa miaka yote hiyo, kwa hiyo zikitolewa zipangwe kwa namba na kila moja irudi kwenye bega lake. Kamshafti ikiwa mpya, roka nazo ziwe mpya.

Waliokwambia kuhusu taimingi, yaani wakati wa valvu kufunguka na kujifunga, wamesema kweli, ila si sababu ya kuitupa hedi. Hedi ikipungua unene, kamshafti husogea karibu na kranki, cheni hulegea, na kamshafti huchelewa kidogo. Nissan walilijua hilo, wakaiwekea sproketi ya kamshafti, yaani gurudumu la meno linalovutwa na cheni, matundu matatu. Kila tundu linalofuata huiwahisha kamshafti kwa digrii 4 za kranki, na hivyo cheni iliyorefuka au hedi iliyochongwa kidogo hurekebishwa kwa kuhamia tundu la pili au la tatu. Hedi ikichongwa zaidi ya hapo, huwekwa bati jembamba chini ya kila kishikizo cha kamshafti, lenye unene sawa na kilichoondolewa, ili kamshafti irudi kwenye kimo chake. Ukiinua kamshafti hivyo, valvu na roka pia hubadilisha mkao wao, kwa hiyo kagua alama ambayo roka inaiacha kwenye bega: iwe katikati, isikimbilie ukingoni. Nafasi ya valvu injini ikiwa baridi ni milimita 0.20 kwa zile za kuingizia hewa na 0.25 kwa zile za kutolea moshi.

Siku ya kutoa hedi, mwambie fundi aibane cheni kwa kabari ya mbao kabla ya kufungua sproketi. Bila kabari, pistoni ndogo ya kukazia cheni huchomoka, na kuirudisha kunadai kufungua kifuniko chote cha mbele.

SWALI: Kabureta zangu mbili hazikubaliani. Moja ilipasuka kifuniko cha juu, nikanunua kingine kilichotumika, na tangu hapo injini inanguruma kwa kusitasita inapokuwa kwenye mwendo wa kusimama. Je, gasketi imevuja?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Inawezekana, lakini mimi nakishuku kifuniko chenyewe. Kabureta za 240Z zilitengenezwa na Hitachi kwa muundo wa SU, na ndani ya kila kifuniko cha kuba kuna pistoni inayopanda na kushuka kwa nguvu ya hewa. Kuba na pistoni yake ni jozi iliyolinganishwa kiwandani, kwa kuwa nafasi kati yao ni ndogo sana. Ukinunua kuba, nunua pamoja na pistoni iliyotoka ndani yake, na hakikisha pia ni ya aina yako, kwani kuba za mwanzo zilifungwa kwa skrubu nne na zilizofuata kwa tatu.

Jaribu hivi. Safisha vyote viwili kwa petroli, usipake oili pembeni, kisha inua kila pistoni kwa kidole na uiachie. Inapaswa kushuka laini na kutoa mlio mfupi mkavu inapotua. Ikikwama njiani, inakwaruza kuba. Rudisha oili nyepesi kwenye mirija ya katikati na ulinganishe kasi ya kushuka kwa zote mbili. Kila kabureta inalisha silinda tatu, kwa hiyo pistoni moja ikichelewa, nusu ya injini inapata mchanganyiko tofauti na nusu nyingine, na ndicho unachokisikia. Tazama pia sindano: ziwe na alama moja, na bega la kila sindano likae sawasawa na kitako cha pistoni yake.

SWALI: Ninaishi Muscat na nina 240Z ambayo bloki yake imepasuka. Nimepata L28 nzima kwa bei nzuri. Nikiifunga, je, nimelipunguzia gari thamani?
Msomaji, Oman

JIBU: Ndiyo, kwa mnunuzi anayetafuta gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani. Namba ya injini imegongwa kwenye bloki upande wa plagi, ikitanguliwa na L24, na namba hiyohiyo imeandikwa kwenye kibati kilichomo chumba cha injini. Mnunuzi makini huzilinganisha kabla hata ya kukaa kwenye kiti. Kwa hiyo usiiuze bloki yako kama chuma chakavu. Nyufa nyingi za njia ya maji hushonwa, na hata kama yako haishoneki leo, ipake oili, ifunge vizuri na uihifadhi iende na gari.

L28 yenyewe ni injini nzuri, nayo itaingia kwenye mikono ya injini yako. Itumie ikiwa nzima, kranki na konrodi na pistoni na hedi yake, bila kuichanganya na mabaki ya L24. Hamisha sampu (bakuli la oili) ya gari lako pamoja na bomba lake la kunyonyea oili, vyote viwili, kwa sababu bomba la injini moja ndani ya sampu ya nyingine linaweza kukaa juu mno ya oili. Upande wa klachi, presha pleti na kola inayobeba beringi ya kuachia ni jozi. Kuna klachi za milimita 225 na za milimita 240, na kola zake zina vimo tofauti. Ukikosea kola, ama klachi haitaachia kabisa, ama itateleza muda wote, na kuirekebisha kunadai kushusha gia boksi upya.

Ukipanga kulileta gari nyumbani siku moja, kumbuka kwamba kadi ya gari ya Tanzania na kitabu cha gari cha Kenya huandikwa namba ya injini. Namba ya L28 iingizwe kwenye hati za usajili huko Oman sasa, wakati ungali na risiti ya aliyekuuzia.